Sura Si Nasaba: Kuutafuta Msonobari wa Asili Kutoka Pwani ya Dar es Salaam

Mtu akisimama ufukweni Kawe au Kigamboni wakati kusi inavuma, akaitazama safu ya miti mirefu yenye vijani vyembamba inayoyumba juu ya mchanga kwa mvumo usiokatika, kisha akaulizwa jina la miti ile, aghalabu atatoa jibu moja kati ya mawili: ikiwa amelelewa pwani atasema ni mivinje, na ikiwa miti ya sura hiyo aliijua kwanza katika picha za kalenda na kadi za Krismasi atasema ni misonobari au, kwa usemi wa maduka ya mbao, paini. Jibu la kwanza ni sahihi na la pili ni kosa. Walakini kosa hilo lina udhuru, maana limewapata wasomi na wasiosoma, na ndani yake mna swali zuri ambalo halijaulizwa vya kutosha katika mji huu: je, nchi yetu ina msonobari wake yenyewe, ulioota bila kupandwa na mkono wa mtu, na ikiwa upo, unaota wapi?

Jibu fupi ni kwamba haupo. Katika Tanzania yote, bara na visiwani, hakuna hata aina moja ya msonobari iliyozaliwa na ardhi hii. Kila msonobari tunaouona umetokana na mbegu iliyovushwa kutoka ng'ambo. Jibu refu, hata hivyo, lina faida zaidi, kwa sababu msonobari una jamaa zake wa kweli walioishi hapa tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuwapa majina, na ajabu ya mambo ni kwamba mti unaofanana nao kuliko yote katika pwani yetu hauna udugu nao, ilhali mmea wa pwani ulio wa damu yake haufanani nao hata chembe. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi hatuna budi kuifungua miti hii mmoja baada ya mmoja, kwa jani, kwa mbegu na kwa utomvu, ndipo tuijue ilivyo.

Mvinje na pingili zake

Tuanze na ulio karibu. Mvinje, ambao wataalamu huuita Casuarina equisetifolia, umepandwa na pengine umejiotea wenyewe kando ya bahari kutoka Bunju na Kunduchi hadi Mjimwema, na katika nyua za Kinondoni na Temeke huonekana mmoja mmoja ukipita juu ya paa za bati. Asili yake ni pwani za Asia ya kusini mashariki, kaskazini ya Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini umekaa nasi muda mrefu hata ukahesabiwa mwenyeji, ukapewa jina na ukapewa kazi: mlingoti wa ngalawa, mirunda ya kushikilia zege bichi, na kuni za tanuri la chokaa, kwa kuwa moto wake ni mkali na hudumu.

Anayetaka ithibati na achukue kijiti kimoja cha kijani katika vile vinavyodhaniwa kuwa majani yake, akishike kwa vidole vya mikono miwili, akivute taratibu. Hakitakatika ovyo, kitaachana palepale penye kifundo, kama muwa unavyoachana kwa pingili zake, na akikisogeza karibu na macho ataona kwenye kifundo hicho duara la meno madogo mno, saba au nane kwa kawaida, yaliyokumbatia kijiti. Meno hayo ndiyo majani ya mvinje. Kile kilichoitwa jani, kuanzia kitako hadi ncha, ni kitawi. Kadhalika yale mapumba madogo magumu yanayotapakaa chini ya mti, makubwa kiasi cha ncha ya kidole gumba, ambayo hutuchoma nyayo tukitembea peku, ni mkusanyiko wa matunda mengi yaliyotokana na maua, na kila tunda hufungua midomo miwili ili kuachia mbegu moja yenye ubawa. Sasa mti unaochanua maua, hata yakiwa madogo kiasi cha kumpita mtu bila kuyatambua, hauwezi kuwa msonobari, kwa kuwa msonobari hauna ua wala tunda. Kwa nasaba mvinje uko karibu zaidi na mwembe wa uani kuliko na msonobari wa Ulaya, ijapokuwa sura yake inaapa kinyume.

Kufanana huku kwa sura hakukuja bure. Jani jembamba, gumu, lisilopoteza maji, humfaa mkaazi wa mlima wa baridi kali ambako maji yameganda, na humfaa vilevile mkaazi wa mchanga wa pwani ambako maji yana chumvi na upepo haupumziki. Dhiki mbili za namna mbili zimeleta vazi moja. Mvinje umejaliwa na hila nyingine ambayo msonobari hauna: mizizi yake hulea vijidudu viitwavyo Frankia, ambavyo huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuufanyia mti mbolea, na ndiyo sababu hustawi katika mchanga ambao mhindi hauwezi kutoa hata gunzi. Sifa hiyo ilionekana waziwazi Mombasa kuanzia mwaka 1971, pale René Haller alipopewa kazi ya kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ardhi ya matumbawe iliyochimbwa hadi ikabaki bila udongo. Miongoni mwa miche ya aina 26 aliyoijaribu, mvinje ndio uliostawi kuliko mingine. Na vijiti vyake vikavu vilipozidi kurundikana bila kuoza, aliwaleta majongoo, wakavila na kuvigeuza udongo, na machimbo yale sasa ni bustani inayotembelewa na wageni.

Alama za msonobari wa kweli

Baada ya kumweka mvinje mahali pake, tuutazame msonobari wenyewe. Alama yake ya kwanza iko katika jani: sindano zake aghalabu haziji moja moja, bali huja katika vifungu, mbili, tatu au tano kwa kadiri ya aina, na kila kifungu kimeshikwa kitakoni na kijifuko chembamba cha rangi ya kahawia. Katika Pinus patula, ambao ndio uliojaa katika mashamba yetu, sindano aghalabu ni tatu, ndefu, laini, zenye kuning'inia. Na ukizikusanya tatu hizo zikabanana barabara, huunda kijiti kimoja cha mviringo kamili, maana kila moja imechongwa kuwa theluthi ya duara. Ukizivuta hutaona pingili. Alama ya pili ni utomvu: gome likijeruhiwa hutoa ulimbo wa kunata wenye harufu kali, ambao ukichemshwa hutoa tapentaini na rosini. Alama ya tatu, nayo ndiyo ya nasaba, iko katika koni: lile pumba la magamba makavu lililo kubwa kuliko la mvinje mara nyingi, ambalo juu ya kila gamba lake hulala mbegu mbili zilizo tupu, hazikuvikwa nyama ya tunda wala kufungiwa katika ganda la ua. Ukoo wote wa miti ya mbegu tupu hutambulika kwa alama hiyo, na kwa hiyo ndiyo tutakayoibeba tukiwatafuta jamaa zake.

Aina za misonobari zimepita 110 duniani, na makazi yao ya asili karibu yote ni nusu ya kaskazini ya dunia, kuanzia mipaka ya barafu hadi milima ya Meksiko na ya Asia. Ni aina moja tu, Pinus merkusii, iliyovuka ikweta bila kubebwa na mtu, huko katika kisiwa cha Sumatra, nayo haikwenda mbali, kwani kituo chake cha mwisho ni takriban digrii 2 kusini, ilhali Dar es Salaam iko karibu digrii 7. Katika Afrika misonobari ya asili inaota Moroko, Algeria, Tunisia na Libya, na katika visiwa vya Kanari vilivyo mkabala na pwani ya magharibi. Kusini ya Sahara hakuna.

Sababu za kutofika kwake si ngumu kufahamika. Ukoo huu ulianzia kaskazini, na baina yake nasi pametandazwa jangwa na mbuga za joto ambazo mbegu yenye ubawa, inayopeperushwa masafa mafupi tu, haiwezi kuzipita. Fauka ya hayo, msonobari hausafiri vizuri peke yake: mizizi yake hushirikiana na kuvu za ardhini, ambazo huuletea maji na madini na kulipwa sukari, na pasipo kuvu hizo mche huota kisha hudumaa na kugeuka manjano. Katika nchi nyingi za joto upandaji wa kwanza wa misonobari ulishindikana mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu, na hata leo watunzaji wa vitalu huchota udongo chini ya misonobari mikongwe wakauchanganya na ule wa miche michanga. Mgeni huyu, kwa hivyo, alihitaji kuletewa mbegu pamoja na sehemu ya ardhi ya kwao.

Mgeni wa Mufindi katika soko la Keko

Aliletwa, na akakaribishwa vizuri. Katika nyanda za juu za Mufindi, mkoani Iringa, ambako hewa ni ya baridi na mvua ni ya kutosha, majaribio ya kupanda miti katika shamba la Sao Hill yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata baada ya uhuru, hususan miaka ya 1960 na 1970, hata Sao Hill ikawa shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali. Pinus patula, mzaliwa wa milima ya Meksiko, ndio ulioshika sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichofunguliwa mwaka 1985 kilijengwa kwa kuutegemea, na wananchi wa Njombe, Makete na Kilolo wakaufuata mfano, wakageuza vilima vyao kuwa mashamba ya paini kama wengine wanavyoweka akiba benki.

Huku Dar es Salaam tunakutana nao ukiwa umekwisha lala. Malori huuteremsha Keko na Buguruni, Manzese na Mbagala, Tegeta na Bunju, na hapana nyumba mpya ya Chamazi au Toangoma, Goba au Mabwepande, ambayo kenchi zake hazikutokana nao, isipokuwa ya mwenye uwezo aliyeamua kuezeka kwa chuma. Chukua kipande cha mbili kwa nne katika karakana ya seremala wa Keko, ukitazame mwisho wake uliokatwa kwa msumeno: utaona pete pana za rangi ya maziwa zikipishana na pete nyembamba za rangi ya asali, kila jozi ikiwa ni majira ya mvua na majira ya ukame yaliyopita juu ya mti. Ubavuni utaona vifundo vya duara pale matawi yalipokuwa, na pengine tone la ulimbo lililoganda, ambalo randa ikilipitia hutoa ile harufu inayojaza karakana nzima. Ubao ukiwa na rangi ya kijani hafifu, hiyo si rangi ya mti. Ni dawa iliyosukumwa ndani yake, kwa kuwa paini bila dawa ni karamu ya mchwa na ya ukungu. "Mama, chukua hii ya dawa, mchwa hataigusa," ndivyo muuzaji anavyomwambia mnunuzi, na hasemi uongo, ikiwa kweli dawa ilizama hadi ndani wala haikupakwa juu ya ngozi tu.

Jamaa wa milimani

Tumekwisha mtambua anayefanana, na tumemtambua mgeni. Waliobaki ni wenyeji, na ili kuwaona inatupasa kupanda milima.

Wa kwanza ni podo. Jina hili moja hubebwa na miti kadhaa ya ukoo mmoja, na maarufu kati yake ni Afrocarpus usambarensis, ulioitwa kwa jina la Usambara, na Podocarpus latifolius, unaoota katika misitu ya juu ya Kilimanjaro, Usambara na Uluguru. Podo ni mti wa haiba, unaoweza kupita mita 40 kwa urefu. Majani yake ni bapa, membamba, yamekaa moja moja bila vifungu, na mbegu yake imezungukwa na nyama inayowahadaa ndege, nyani na hata watu wakadhani ni tunda, lakini mtaalamu akiichunguza huona kwamba ni ile ile mbegu tupu iliyovaa joho. Mbao yake ni ya rangi ya siagi, imenyooka, haina ulimbo wala harufu, na mafundi wa zamani waliipenda kwa milango na dari. Seremala anayeshuku kama ameuziwa podo au paini na ainuse baada ya kuipiga randa, kisha atafute zile pete za asali: katika podo pete hufifia hata zikakaribia kutoonekana.

Wa pili ni mtarakwa, Juniperus procera, wenye majani madogo ya magamba yaliyobana kitawi, gome linalobanduka kwa utepe mrefu, na koni ndogo za samawati iliyoiva ambazo kila azionaye huziita matunda. Huota katika misitu mikavu ya juu: Meru, miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro, Usambara ya magharibi huko Shume na Magamba, na maeneo ya Ngorongoro na Loliondo. Mtarakwa ulifanya jambo ambalo msonobari haukuliweza katika bara hili, maana kutoka nyanda za juu za Yemen na Asiri ulishuka kupitia Uhabeshi na Kenya, ukavuka ikweta, ukafika Malawi na Zimbabwe, na hapana aina nyingine ya ukoo wake wa karibu inayoota kwa asili kusini ya ikweta. Ndugu zetu waishio Oman nao wana mti wa ukoo huo huo, juu katika Jabal Akhdhar. Mbao yake nyekundu, yenye harufu nzuri, isiyoliwa na mchwa, ilikuwa mali ya kutafutwa: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga njia ya kamba ya chuma ili kuishusha kutoka Shume hadi Mkumbara, penye reli ya Tanga, na kutoka hapo ikasafiri kwenda kufanywa penseli. Kwa hiyo mti wa milima yetu uliwaandikisha watoto wa Ulaya kabla watoto wengi wa hapa hawajapata kushika kalamu.

Jirani asiyetambuliwa

Hao ni wa milimani; je, pwani haina mtu wa ukoo huu? Inaye, na jina lake ni mtapo. Mwenyeji wa pwani ameuona, pengine ameukata majani yake makubwa kupamba lango la harusi, akidhani ni aina ya mnazi mfupi au mkindu wenye hasira, kwa kuwa una shina nene lenye makovu na kichwani una majani marefu, magumu, yaliyochanwa kama manyoya na kuwekwa miiba. Miongoni mwa mimea inayobeba jina hilo ni Encephalartos hildebrandtii, uliopewa jina la msafiri Mjerumani Johann Maria Hildebrandt aliyezunguka pwani hii katika miaka ya 1870, na makazi yake ya asili ni misitu na vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania pamoja na visiwa vyetu. Mtafute katikati ya majani yake: hakuna karara la mnazi, wala kikole cha tende. Utaona koni, kubwa, ya manjano, ya kiume katika mmea mmoja na ya kike katika mwingine, na ya kike ikipasuka hutoa mbegu zenye ngozi nyekundu, tupu, zisizo na tunda. Ukoo wake ulikuwapo duniani zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Hukua polepole mno, mbegu zake zina sumu, na biashara yake ya kimataifa imezuiwa na mkataba wa CITES kwa daraja ya juu kabisa ya ulinzi, kwa sababu wapenzi wa bustani walianza kuung'oa ukoo wake msituni kuliko ulivyoweza kuzaa.

Faida ya kutofautisha

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamletea faida gani mkaazi wa Tandika au Mwananyamala, anayetaka tu paa lisilovuja. Faida ni tatu. Kwanza, kila mti una mahali pake: mvinje ufukweni hukinga upepo na kushika mchanga, bali katika uwanja mdogo wa uswahilini, karibu na ukuta na nyaya za umeme, ni mti mrefu mno na vijiti vyake huua majani yaliyo chini, na paini ya milimani, ukiipanda Mbagala kwa tamaa ya mbao, joto litakudhulumu.

Pili, wageni huja na adui zao. Kidukari wa misaipresi, mdudu mdogo anayenyonya utomvu wa matawi, aliingia Malawi mwaka 1986, Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Alikausha misaipresi ya mashambani, ambayo ni miti ya kuletwa, kisha hakusita kuushambulia mtarakwa, jamaa yao mwenyeji. Asiyejua kwamba miti hiyo ni ya nasaba moja hawezi kufahamu kwa nini ugonjwa wa shamba la misaipresi umhangaishe mlinzi wa msitu wa asili.

Tatu, na hili linamgusa kila mwenye bomba. Maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Kinondoni na Temeke, huanzia katika milima ya Uluguru, katika misitu ambamo podo na wenzake hushika ukungu na kuutia ardhini tone baada ya tone. Paini ya Mufindi ilipandwa ili ikatwe, na ikikatwa hupandwa nyingine ambayo katika miaka ishirini na kitu inakuwa mbao. Podo iliyokatwa Uluguru haimrudii aliyeikata, wala mwanawe. Kwa hiyo mjenzi anayeingia duka la mbao, akachunguza pete na kunusa ulimbo, akahakikisha kuwa anachonunua ni mgeni wa shambani na wala si mwenyeji wa msituni, amejipatia kenchi kwa bei nafuu na ameyalinda maji ya bomba lake mwenyewe. Na muuzaji atakayeona kwamba wateja wake wanaijua tofauti hiyo hatathubutu tena kuwachanganyia.